Kuzima na Kuzuia: Funzo la Mstari wa Amri katika Historia ya Mtandao Mjini Juba

Katika Kiswahili cha leo, neno mtandao limebeba maana tatu: muunganisho wa kompyuta, intaneti yenyewe, na majukwaa ya kijamii kama Facebook. Kwa hiyo kauli "mtandao umefungwa" haibainishi kilichofungwa. Makala haya yanadai kuwa historia ya karibuni ya Juba haiwezi kuandikwa kwa usahihi pasipo kutenganisha maana hizo, na kwamba mstari wa amri wa kompyuta umezitenganisha zamani.

Tangu mfumo wa 4.2BSD ulipotolewa mwaka 1983, msimamizi wa kompyuta ameweza kutumia amri ya "ifconfig" na neno "down" kuuzima muunganisho wote. Neno "up" huurejesha. Katika Linux, kazi hiyo sasa hufanywa kwa amri ya "ip link". Kuzuia ni tendo jingine. Kwa "iptables" huandikwa kanuni inayotupa data inayoelekea anwani fulani, huku data nyingine ikipita kama kawaida. Mitambo ya kampuni za simu ni mikubwa zaidi, lakini tofauti ya msingi ni ileile.

Juba imeshuhudia matendo yote mawili. Baada ya uhuru wa mwaka 2011, mji huo uliitegemea satelaiti kwa miaka mingi, hadi mkongo wa mawasiliano ulipoufikia kupitia mpaka wa Uganda mwaka 2020. Tarehe 30 Agosti 2021, siku ambayo maandamano yalikuwa yameitishwa, intaneti yenyewe ilikatika. Januari 2025 hali ilikuwa tofauti. Video za mauaji ya raia wa Sudan Kusini katika jimbo la Gezira, nchini Sudan, zilisambaa na ghasia zikazuka Juba. Mamlaka ya mawasiliano iliamuru majukwaa ya kijamii yazuiwe kuanzia tarehe 22, kwa siku 30 hadi 90; amri hiyo iliondolewa tarehe 27. Kauli ya "kufunga mtandao" huyaelezea matukio yote mawili kana kwamba ni moja.

Tatizo hili linaihusu kanda nzima, kwani Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016. Jambo OpenOffice, iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 2004, iliipa kompyuta menyu za Kiswahili; msamiati wa kuudhibiti muunganisho haukupata msukumo kama huo. Inapendekezwa kwamba kuzima kutumike kwa muunganisho mzima, na kuzuia kwa huduma au anwani mahususi. Waraka unaoagiza "kufunga" tu humwachia mtekelezaji uhuru wa kuchagua hatua iliyo kali zaidi, na humnyima mwananchi msingi wa kuhoji iwapo hatua hiyo ilivuka mipaka.