Kanda za Kipawa na Kumbukumbu za Jamhuri

Mwishoni mwa masika mama alinikabidhi sanduku la bati lenye kanda 41 za video. Akaniambia, "Mwanangu, deki ilikufa siku nyingi. Mimi sitaki mengi, nataka kumwona baba yako akicheza kwenye harusi ya shangazi yako." Baba alifariki miaka mingi iliyopita, na picha zake za mnato tunazo nne tu, tatu kati ya hizo za pasipoti. Nilipokea sanduku nikidhani ni kazi ya Jumamosi mbili. Sasa ni mwezi wa tatu, na kazi imenifikisha kwenye maswali ambayo kwa kawaida huyajadili darasani na si sebuleni kwa mama.

Kwa wasiopafahamu, Kipawa ni kata ya Wilaya ya Ilala, kandokando ya uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, njia ya kwenda Pugu. Sehemu ya mitaa yake haipo tena. Nyumba za Kipawa, Kigilagila na Kipunguni zilifanyiwa tathmini mwaka 1997 ili kupisha upanuzi wa uwanja, na fidia ya waliotangulia kuondoka haikuanza kulipwa mpaka zaidi ya miaka 10 kupita. Katikati ya tathmini na malipo, Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inayotaka fidia iwe kamili, ya haki na itolewe mapema. Jengo jipya la abiria, la tatu, lilizinduliwa mwaka 2019. Wakazi wengi wa zamani walipata viwanja huko Pugu na Chanika, na mama yumo miongoni mwao. Sanduku la bati lilisafiri juu ya magodoro ndani ya lori.

Ninachotaka kusema ni kwamba zile kanda ni nyaraka. Fomu ya tathmini huhesabu vyumba, mabati na miti ya matunda. Ukitaka kujua mtaa ule uliishije, nani alikuwa jirani ya nani, duka la nani lilikuwa pembeni ya kisima, jioni watu walikaa wapi, hutayapata kwenye jalada lolote. Utayapata kwenye kanda ya sherehe ya kumuaga bibi harusi, nyuma ya watu wanaopokezana kijiko cha keki.

Lakini kanda hizo zilifikaje Kipawa? Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya nchi nyingi za Afrika. Bara tukasubiri. Serikali ya Mwalimu iliona televisheni kuwa anasa ya wachache wa mjini, na redio ikabaki sauti ya taifa. Matokeo yake yanachekesha kidogo: kwa miaka kadhaa Dar es Salaam ilikuwa na deki kabla ya kuwa na kituo cha televisheni. Baada ya milango ya biashara kuanza kufunguliwa mwaka 1984, na zaidi baada ya Mzee Mwinyi kushika madaraka mwaka uliofuata, wenye ndugu Uarabuni waliletewa deki na televisheni za chogo. Pakawepo maduka ya kuazimisha kanda, na vibanda vya kuonyesha filamu za Kihindi na za ngumi. Kwa hiyo vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo mwaka 1994, na Televisheni ya Taifa ilipokuja mwishoni mwa muongo huo, watu wengi walikwisha kuzoea kwamba picha ni kitu unachoweza kukimiliki, kukirudisha nyuma na kumwazima jirani.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Baba alinunua deki iliyotumika, na kila tukio lilirekodiwa kwenye kanda yoyote iliyokuwa karibu. Mwezi Oktoba 1999 iliyokuwa karibu ilikuwa kanda ya harusi ya shangazi.

Tarehe 14 Rais Mkapa alilitangazia taifa kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London. Mwili ulipowasili, ulipita Barabara ya Pugu, hatua chache kutoka kwetu. Barabara hiyo leo inaitwa kwa jina lake. Nusu ya nyumba ilikwenda kusimama barabarani. Mjomba alibaki ndani na kazi moja aliyopewa, kurekodi. Alichomeka kanda bila kuitazama na kubonyeza kitufe chekundu. Kanda ya video ina kijipande cha plastiki nyuma yake. Ukikivunja, deki haikubali kurekodi juu ya kilichomo. Baba hakuwa amekivunja. Mazishi ya Baba wa Taifa yakaifuta harusi ya shangazi, na shangazi hakusema na mjomba mpaka Pasaka.

Niliwahi kulisimulia kisa hiki darasani kama kichekesho. Leo nakitazama kwa jicho jingine. Tukio la taifa na tukio la familia vilikutana kwenye utepe mmoja wa nusu inchi, na kimoja kilimfuta mwenzake. Hatukuwa peke yetu. BBC yenyewe, katika miaka ya 1960 na 1970, ilifuta vipindi vingi ili kanda zitumike tena, kwa kuwa zilikuwa ghali, na baadhi ya vipindi hivyo vimepatikana tena kwenye nakala zilizokuwa mikononi mwa watu binafsi. Huko Philadelphia, Marekani, mwanaharakati aliyewahi kuwa mkutubi, Marion Stokes, alirekodi habari za televisheni usiku na mchana kuanzia mwaka 1979 hadi alipofariki Desemba 2012. Aliacha kanda zipatazo 70,000, ambazo zilikabidhiwa Internet Archive. Wengi walimwona mtu wa ajabu. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: anayetangaza habari ndiye pia mwenye uwezo wa kuzibadilisha kesho, hivyo lazima awepo mtu mwingine mwenye nakala.

Nasi tuna Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002, na watumishi wa umma wanaosoma hapa wanajua jinsi inavyosimamia majalada ya ofisi. Kanda za mama haziko kwenye majalada hayo, na sidhani kama zinapaswa kuwemo. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba muda unakwisha. Utepe wa sumaku huchoka, na hewa ya pwani yetu yenye unyevu huuotesha ukungu. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kuendelea kutengeneza deki za VHS, ilisimamisha uzalishaji mwaka 2016. Kumbukumbu za kitaifa za sauti na filamu za Australia zilikwisha kuonya mwaka 2015 kwamba kanda ambazo hazitakuwa zimehamishwa ifikapo 2025 huenda zisiokolewe. Mwaka huo umekwisha pita.

Sasa vifaa. Nitavieleza kwa kirefu, maana hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha na kanda kwa pamoja.

Nilianza vibaya. Nilipeleka kanda 3 kwa fundi mmoja, akanirudishia DVD 3 zenye jalada zuri. Mbili hazikusomeka baada ya wiki kadhaa, na ya tatu watu wote wamevutwa mapana kama chapati, kwa sababu picha ya 4 kwa 3 ilitanuliwa ijae kwenye kioo cha kisasa. Simlaumu sana, alifanya kile wateja wengi wanachoomba. Lakini nilijifunza kwamba DVD si mahali pa kutunzia kitu.

Jambo la kwanza ni deki yenyewe, na wengi hulidharau. Mtu hununua kifaa kipya cha kunasia picha kisha anakiunganisha na deki iliyookotwa stoo. Picha ikitoka chafu kwenye deki, hakuna programu ya kuirudishia usafi. Tafuta deki ya mifumo yote, kwa kuwa kanda zetu ni za PAL lakini za ndugu walioko Marekani ni za NTSC. Ijaribu kwanza kwa kanda usiyoihitaji. Sikiliza kama inakwaruza, tazama kama mpira unaovuta utepe haujakauka, safisha vichwa. Kanda yenye unga mweupe wa ukungu isiingie humo kabla ya kusafishwa. Italichafua kichwa, na kichwa kitazichafua kanda nyingine zote. Na kabla ya yote, vunja kile kijipande cha plastiki.

La pili ni kifaa cha kunasia. Mashine ya kurekodi DVD ni rahisi, lakini hubana picha na kukufunga kwenye diski. Ipo faida moja: baadhi ya mashine hizo, ukiipitisha picha ndani yake bila kurekodi, hutuliza mtikisiko wa kanda za zamani, nami naitumia hivyo. Vipo visanduku vidogo vinavyorekodi moja kwa moja kwenye flashi; vinamfaa asiye na kompyuta, ingawa vingi havikupi uhuru wa kuchagua ubora. Kipo kifaa cha USB kinachounganisha deki na kompyuta. Hiki ndicho ninachokipendekeza, kiwe na tundu la S-Video pamoja na yale ya rangi tatu, manjano, nyeupe na nyekundu. Nimekataa vigeuzi vinavyoipandisha picha kuwa ya HDMI papo hapo, kwani huongeza ukubwa bila kuongeza kitu. Na kama kanda zako ni zile ndogo za MiniDV, usipitie njia hii kabisa: picha zake ni za dijitali tayari, na kamera yake yenye tundu la FireWire itazihamisha bila kupunguza chochote, kwa takriban gigabaiti 13 kwa saa.

La tatu ndilo la kisiasa zaidi: faili inayotoka ni ya nani? Mimi hutunza nakala kuu kama ilivyotoka kwenye kanda, mistari 576, picha 25 kwa sekunde, bila kulainishwa, katika muundo ambao programu huria zinaufungua. Kisha natengeneza nakala nyepesi ya kumtumia mama kwenye simu. Diski mbili za nje, moja kwangu, moja kwa dada yangu Morogoro. Kanda ya saa 3 huchukua saa 3, hakuna njia ya mkato, na umeme ukikatika unaanza upya.

Swali hilo la umiliki linahusu pia televisheni ya leo. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, nasi tukawa wa kwanza Afrika Mashariki kuingia kwenye ving'amuzi. Tulijadili sana bei ya ving'amuzi, na kwa haki. Sikumbuki kusikia mtu akisema kwamba usiku ule deki zote za jiji zilipoteza uwezo wa kunasa matangazo kutoka kwenye antena. Ving'amuzi vingi vina tundu la USB la kurekodia, lakini jaribu kuchukua flashi yako ukaifungue kwenye kompyuta: mara nyingi faili imefungwa, inafunguka kwenye king'amuzi kilekile tu. King'amuzi kikifa, rekodi zako zimekufa nacho. Mjomba wangu, pamoja na kosa lake, mwaka 1999 alikuwa na uwezo ambao mwanafunzi wangu wa leo mwenye simu ya bei mbaya hana. Aliyachukua matangazo akayaweka kabatini, na hakuhitaji ruhusa ya yeyote kuyatazama tena.

Najua jibu la wanafunzi: "Mwalimu, si yako YouTube?" Yako, hadi aliyeyaweka ayaondoe. Ndiyo maana hotuba na midahalo ninayoihitaji kwa kufundishia nairekodi mwenyewe, kwa kuunganisha tundu za rangi tatu za king'amuzi na kifaa kilekile ninachotumia kwa deki. Picha si nzuri sana, inatosha. Kuhusu hakimiliki, kutunza nakala kwa matumizi binafsi ni jambo moja, kuirusha au kuiuza ni jambo jingine, na msomaji asinielewe vibaya.

Nimekwisha hamisha kanda 17. Ya harusi na mazishi niliiacha kwa makusudi mpaka nilipoiamini deki. Wiki iliyopita niliichomeka, mama akiwa pembeni yangu. Kwa karibu saa 2 na nusu ni Oktoba 1999: jeneza, watu barabarani, wimbo wa taifa, katikati yake matangazo ya biashara ambayo mjomba hakuyakata, nami nashukuru. Kisha chenga nyeupe. Mjomba alikuwa amesimamisha deki kabla kanda haijafika mwisho.

Chini ya chenga harusi ikarudi, dakika 11 zake za mwisho. Ni ua wetu wa Kipawa, miembe miwili, viti vya kuazima. Mshereheshaji anasema jambo ambalo watu wanalicheka, sisi hatulisikii, kwa kuwa ndege inapaa juu ya paa na kumeza sauti yote. Kamera inageuka kumfuata mtoto mwenye soda. Nyuma yake, kwa sekunde chache, baba ameshika leso juu ya kichwa na anacheza.

Mama aliniomba nirudishe nyuma. Nilimweleza kwamba tusiichoshe kanda, aitazame kwenye faili, akakubali shingo upande. Zimebaki kanda 24, na mpira wa deki umeanza kuteleza. Mwenye deki mbovu ya kuchukulia vipuri, au kanda za Kipawa, Kigilagila na Kipunguni za kabla ya kubomolewa, aniandikie. Nitanakili bila malipo na kanda zitarudi kwa mwenyewe.