Ocean Road: Kuta Nene Kando ya Bahari

Ukishuka Posta ya Zamani ukafuata ufukwe, ukaipita Feri na Ikulu, unakutana na jengo la kale lenye minara ya kuba, limeikabili bahari. Wajerumani walilifungua mwaka 1897 liwe hospitali ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali yao mjini, ya Sewa Haji, tajiri wa Bagamoyo aliyetoa fedha zake ijengwe. Ndiyo miaka ambayo Robert Koch alikuwa Dar es Salaam akichungulia damu ya wagonjwa wa malaria kwa hadubini. Eksirei ilikuwa changa mno: Wilhelm Röntgen aliigundua mwaka 1895.

Leo jengo hilo ni sehemu ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa mwaka 1996, na mlango wake haumuulizi mtu rangi. Huumia nikisikia watu wakilitaja kama pa kwenda kufia. Humo mna fizikia nzito, inayofanya kazi kila siku.

Chukua kobalti-60, iliyobeba tiba ya mionzi kwa miaka mingi. Haichimbwi popote. Kobalti ya kawaida huwekwa ndani ya kinu cha nyuklia, ikapigwa na nyutroni mpaka igeuke. Tanzania haina kinu hicho, kwa hiyo hutoka nje, nayo huanza kufifia siku ile ile inapotengenezwa. Baada ya miaka mitano na ushei hubaki nusu ya nguvu: mgonjwa aliyekuwa akilala dakika mbili chini ya mashine sasa atalala nne, kwa dozi ile ile.

Vyumba vya mashine hizi huwa na kuta nene za zege na ujia uliopindwa kona. Mionzi ikigonga mwili au ukuta hutawanyika, na kila ikitawanyika hupungua nguvu. Kona ile humlinda fundi aliye nje.

Mwaka 2018 zilianza kazi Ocean Road mashine zinazotumia umeme kurusha elektroni kwenye metali ngumu zitoe eksirei, kanuni ile ile ya Röntgen, ila kwa nguvu kubwa zaidi.

Kabla ya kupigwa mionzi, mgonjwa huchorwa alama ya wino mwilini, na huambiwa asiisugue anapooga. Wengi wametoka mikoani, wamefikia kwa ndugu Mbagala au Gongo la Mboto. Alfajiri hupanda daladala ya Posta, alama ikiwa chini ya kanga.