Na Yohana, Je, Alifunguliwa?

Swali hili niliulizwa gerezani, siku ya Alhamisi mwaka 2014, na mtu aliyekuwa ameketi sakafuni nyuma kabisa ya wenzake. Nilikuwa nimewasomea habari za Yesu katika sinagogi la Nazareti: jinsi alivyopewa chuo cha nabii Isaya, akatafuta mahali panaposema juu ya maskini kuhubiriwa habari njema na wafungwa kutangaziwa uhuru wao, akasoma, akaketi, akawaambia watu kwamba andiko hilo limetimia siku ile ile. Nikayaeleza hayo kwa furaha ya mtu aliyejiandaa vizuri. Yule bwana akainua mkono.

"Mzee," akasema, "wakati Yesu anasoma maneno hayo, Yohana Mbatizaji alikuwa wapi?"

Nikamjibu kwamba alikuwa amekwisha kufungwa.

"Na yeye, je, alifunguliwa?"

Askari akatangaza kwamba muda umekwisha, nami, niseme kweli, nikamshukuru moyoni. Nilikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, na habari za mwanzo wa kazi ya Yesu nilizifundisha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Hata hivyo sikuwahi kuwaza Yohana alikuwa wapi siku ile ya Nazareti. Nikarudi nyumbani nikafungua vitabu, na haya ninayoyaandika yalianzia usiku huo.

Katika waandishi wa Injili, Luka ndiye aliyejali tarehe. Anasema Yohana alianza kuhubiri mwaka wa 15 wa enzi ya Tiberio Kaisari. Tiberio alishika utawala mwaka 14, Augusto alipofariki, hivyo hesabu ya kawaida yatufikisha mwaka 28 au 29. Pontio Pilato alikuwa liwali wa Uyahudi tangu mwaka 26, na mtu asidhani jina hilo ni la hadithi tu: mwaka 1961, watu waliokuwa wakifukua magofu ya Kaisaria walikuta jiwe lenye jina lake, limechongwa kwa Kilatini. Luka huwataja wakubwa saba kwa mfululizo, watano wa serikali na wawili wa hekalu, kisha anasema kwamba neno la Mungu lilimjia Yohana nyikani. Wale saba likawapita.

Mmoja wa hao saba ni Herode Antipa, mwana wa yule Herode tunayemsoma wakati wa Krismasi. Baba yake alipofariki mwaka 4 kabla ya Kristo, nchi iligawanywa, na Antipa akapata Galilaya upande wa kaskazini pamoja na Perea ng'ambo ya mto Yordani. Yeye ndiye aliyemkamata Yohana. Injili zinasema ni kwa sababu Yohana alimkemea kwa kumchukua Herodia, mke wa ndugu yake. Yosefo, Myahudi aliyeandika historia ya taifa lake mwishoni mwa karne ile ya kwanza, anatoa sababu nyingine: watu walimfuata Yohana kwa wingi, na Antipa akaogopa maasi. Kwangu mimi sababu hizi mbili hazipingani. Mkubwa akikemewa faraghani hukasirika; akikemewa mbele ya umati huingiwa na hofu pia. Yosefo anataja hata gereza lenyewe. Ilikuwa ngome ya Machaerus, juu ya kilima kirefu mashariki ya Bahari ya Chumvi, na magofu yake yapo hata leo.

Sasa Marko. Yeye hataji Kaisari wala liwali. Anasema kwamba Yohana alipokwisha kutiwa gerezani, ndipo Yesu alipokwenda Galilaya kuhubiri. (Injili ya Yohana yakumbuka kipindi cha mapema zaidi, ambapo wote wawili walikuwa na wafuasi kwa wakati mmoja, lakini hata hapo mwandishi anatudokeza kwamba gereza laja.) Mathayo naye anasema Yesu alikwenda huko aliposikia kwamba Yohana amekamatwa. Tangu utoto nilifundishwa, au pengine nilijifundisha mwenyewe, kwamba alikuwa akiikimbia hatari. Hebu tazama ramani, ndugu msomaji. Uyahudi ilikuwa ya Pilato. Galilaya ilikuwa ya Antipa, yule yule mwenye kumfunga Yohana. Kuku anayemkimbia kicheche haendi kulala kwenye tundu la kicheche.

Tena hakwenda kujificha vijijini milimani. Aliihama Nazareti, akateremka ziwani, akakaa Kapernaumu, penye njia ya wasafiri na ofisi ya ushuru. Katika ufuo huo huo wa magharibi, kilomita zipatazo 16 kuelekea kusini, palikuwa na Tiberia, mji mkuu mpya ambao Antipa aliujenga yapata mwaka 20 na kuupa jina la Kaisari. Ni kweli kwamba Kapernaumu ilikuwa karibu na mpaka, na mtu akivuka kwa mashua kwenda Bethsaida alikuwa ameingia katika nchi ya Filipo. Sitaki kumfanya Yesu kuwa mtu asiyejua tahadhari. Mara kadhaa tunasoma kwamba alivuka. Lakini alivuka akarudi.

Na alihubiri nini? Mathayo anaweka kinywani mwake wito ule ule aliouweka kinywani mwa Yohana, wa kutubu kwa kuwa ufalme umekaribia. Sisi neno ufalme tumelizoea hata halitushtui. Antipa lilimhusu hasa. Watu wake walimwita mfalme, lakini Warumi hawakumpa cheo hicho. Mwaka 39, kwa kuchochewa na Herodia, alikwenda Italia kukiomba, na Kaisari Gayo badala ya kumpa akamvua madaraka na kumpeleka uhamishoni mbali. Katika nchi ya mtu wa namna hiyo, Yesu alizunguka akitangaza ufalme. Si ajabu kwamba Antipa aliposikia sifa zake alisema huyu ni Yohana amefufuka. Kinywa kimoja alikuwa amekinyamazisha, na maneno yale yale yakawa yanamjia kutoka ufuoni.

Hapa niseme kidogo juu ya wale wavuvi, kwa kuwa baba yangu alikuwa mvuvi katika Ziwa Viktoria. Ziwa la Galilaya ni dogo, urefu wake ni kama kilomita 21. Letu lingeweza kulimeza mara mia nne. Mwaka 1986, ukame ulipoteremsha maji, ndugu wawili wavuvi waliona mbao za mashua kuukuu ndani ya tope. Wataalamu walipoipima wakakuta ni ya nyakati zile, karne ya kwanza au karibu yake. Urefu wake unazidi kidogo mita 8, na upana ni mita 2 na ushei. Kilichonigusa ni mbao zake. Ni za aina zaidi ya kumi za miti, na nyingine zilitolewa katika mashua zilizokwisha kufa. Fundi alikuwa akipachika chochote alichopata. Baba angeitambua mara moja: ni mashua ya mtu anayehesabu senti, ambaye kesho lazima aingie majini, iwe imepona au haijapona.

Injili ya Yohana inasema kwamba Andrea alikuwa kwanza mwanafunzi wa Mbatizaji. Nikiisoma pamoja na Marko, namwona kijana ambaye mwalimu wake amefungwa, naye amerudi kwenye nyavu za nyumbani pamoja na kaka yake Simoni. Simlaumu. Mtu afanye nini? Mkubwa amekamatwa, hakuna barua, hakuna maagizo, na samaki hawangoji.

Simlaumu kwa sababu mimi nilifanya vivyo hivyo, tena bila ya hatari yoyote. Katika gereza hilo nililolitaja, mwinjilisti wetu mmoja mzee alikuwa akienda kila Alhamisi kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2012 akapatwa na kiharusi. Sisi wazee tuliandika barua ngazi za juu, tukaomba ateuliwe mtu mwingine. Tukangoja. Kila kikao katibu alisema majibu bado, nasi tukaendelea na ajenda iliyofuata, ambayo kwa kawaida ilikuwa mabati ya kanisa. Miezi kumi na minne ikapita namna hiyo. Wa kwanza kwenda alikuwa mama mmoja mwuza ndizi, ambaye hakuwa na cheo chochote. Alijitwika kikapu, akafika langoni, na askari alipomwuliza ametumwa na nani, akasema, "Nimekuja badala ya mwalimu." Nilipopata habari nilikasirika, maana utaratibu ulikuwa umevunjwa. Aibu ilikuja baadaye, ndipo nikamwomba niwe nafuatana naye.

Basi turudi Nazareti. Mwaka 1947, katika pango karibu na Bahari ya Chumvi, kilipatikana chuo cha Isaya cha kale sana, na urefu wake unazidi mita 7. Maneno aliyoyasoma Yesu yamo karibu na mwisho wake, katika ile tunayoiita sura ya 61. Mtu hafiki hapo kwa bahati. Lazima akunjue upande mmoja na kukunja mwingine, safu baada ya safu, watu wakimtazama. Kwa hiyo alipatafuta. Alijua kwamba mtu aliyembatiza alikuwa kifungoni, na bado akapatafuta mahali panapowataja wafungwa. Wenyeji walimstaajabia kwanza. Walikasirika alipowakumbusha mjane wa Sarepta na Naamani wa Shamu, wageni waliohurumiwa na Mungu wakati Israeli ilikuwa na wajane wake na wakoma wake, na wakataka kumtupa kutoka ukingo wa kilima.

Lakini habari hizo zilifika mbali, na Yohana akazipata kifungoni. Akatuma wanafunzi wake wamwulize Yesu kama ndiye yule ajaye, au wamngoje mwingine. Zamani nilidhani imani yake ilikuwa imechoka. Siku hizi nasikia ndani yake swali la yule bwana wa nyuma. Yesu akawajibu kwa kuhesabu kazi: vipofu wanaona, viwete wanakwenda, wakoma wanatakaswa, viziwi wanasikia, wafu wanafufuliwa, maskini wanahubiriwa. Nilirudia orodha hiyo mara tatu katika Mathayo, nikaenda kwa Luka. Wafungwa hawamo. Lile neno alilolitafuta mwenyewe katika chuo, safari hii hakulitamka, na aliyekuwa akingoja jibu ni mfungwa.

Sijui mhubiri anayependa kusimama mahali hapa. Tunaharakisha kusema kwamba kufunguliwa ni kwa kiroho, na kwa kiasi fulani ni kweli, lakini ni rahisi kulisema mtu akiwa nje. Ninachokiona ni kwamba Yesu hakumdanganya Yohana. Hakumtumia ahadi ambayo haikuwa ya kumtimizia. Alimpelekea habari za kazi iliyokuwa ikiendelea, akawaambia makutano kwamba hajaondokea aliye mkuu kuliko huyo katika wazao wa wanawake, kisha akaendelea na njia iliyomfikisha yeye mwenyewe kwenye kukamatwa. Yohana aliuawa kwa ajili ya karamu ya siku ya kuzaliwa kwa Antipa. Wanafunzi wake wakamzika, wakaenda kumwambia Yesu.

Alhamisi iliyofuata nilimtafuta yule bwana. Alikuwa ameketi pale pale. Nikamwambia, mbele ya wenzake, kwamba Yohana hakufunguliwa. Nikamweleza juu ya Antipa na Galilaya, na ile orodha, na neno linalokosekana. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nikamwuliza kama nimemkatisha tamaa.

"Hapana, Mzee," akasema. "Mimi nimebakiza miaka kumi na mmoja. Wanaokuja hapa huwahubiria wanaokaribia kutoka."

Kisha akauliza kama tungeweza kumletea daftari, maana alitaka kumwandikia mama yake, na mwenzake wa kulia akasema hata yeye. Yule mama akatoa kipande cha karatasi kwenye kikapu chake cha ndizi, akaandika: daftari mbili, kalamu mbili, bahasha, sabuni ya kipande.