Kupekupe ao tondeuse? Historia ya majani mafupi

Bandugu, katika mkutano wetu wa mwisho hapa Malemba-Nkulu tulibishana karibu saa mbili juu ya majani. Kweli, majani! Mbele ya masomo yetu ya zamani yamefika kiunoni, mvua hii, na wenzetu wawili walitaka kotizasiyo ya mwaka mzima inunue tondeuse. Mimi nilikataa. Siku ile sikueleza vizuri, njo maana ninaandika.

Mashine hiyo haikuzaliwa kwa majani marefu. Mwaka 1830, Edwin Budding wa Stroud, Uingereza, alitazama mashine ya kiwanda cha nguo iliyonyoa manyoya juu ya kitambaa, akawaza kunyoa uwanja vilevile. Visu vyake vinazunguka na kukutana na kisu kingine kilichotulia chini, kama makasi. Kabla yake, matajiri walilipa watu wakate na mundu mkubwa wenye mpini mrefu, asubuhi sana, umande ukiwa bado; ao waliachia kondoo. Majani mafupi yalionyesha utajiri: ardhi yote ile, na hakuna hata muhogo mmoja ndani!

Makasi hayo yanataka majani ambayo tayari ni mafupi. Yakiwa marefu yanalala tu, mashine inapita juu. Kuna aina nyingine, ya kisu kinachozunguka kama helikopta, yenye kukata kwa nguvu ya mbio. Huko Sydney, mwaka 1952, Mervyn Victor Richardson alitengeneza ya kwake, kopo tupu la matunda likiwa tanki ya esansi; njo ikawa Victa. Kama tungekuwa na uwanja wa mpira wa kukata kila juma, ningechagua aina hiyo. Lakini inaomba esansi, buji, na fundi. Na jiwe likijificha ndani ya majani, linaruka kama risasi.

Kwetu, bankambo hawakutaka majani mbele ya nyumba hata kidogo. Lupango ilifagiliwa mpaka udongo ubaki wazi, nyoka aonekane. Gazon ilikuja na nyumba za wazungu, na kuikata ikawa kazi yetu. Kisha, miaka ya 1970, Mobutu akaleta salongo: kazi ya lazima, bila mshahara, kupekupe mkononi. Nkambo yangu aliifanya siku za mposho. Mpaka leo akiona kupekupe anageuza uso.

Hapo nilielewa ubishi wetu, wakati mwenzetu mmoja alisema: "Hatukusoma iniversite ili turudie salongo." Hakuwa anasema juu ya mashine.

Ninamheshimu, lakini kile chuma hakina kosa. Kilichoumiza ni kulazimishwa na kutolipwa. Basi tulipe. Feza ya kotizasiyo iende kwa vijana wa mtaa wenye kukata vizuri, tukubaliane bei mbele ya kazi, si nyuma. Waokote mawe kwanza. Wakate mara mbili: leo nusu ya urefu, juma lijalo wateremke tena, na baadaye wasiondoe zaidi ya sehemu moja juu ya tatu kwa mara moja, ili mizizi ishike udongo. Jua kali likikuta udongo uchi, mvua ya pili inaubeba wote.

Mkutano ni siku ya mposho ijayo. Mimi nitaleta lima ya kunolea.