Skyrim: Vile Bei za Maduka Hupangwa, na Mbona Unauza Kila Kitu kwa Hasara

Kama umeanza kucheza Skyrim juzi, hii itakuwa imekupata. Umetoka Bleak Falls Barrow na begi imejaa mpaka hauwezi kukimbia. Unajikokota hadi Riverwood, unaingia kwa duka la Lucan Valerius ukijua leo ni leo. Unatoa kitu kwa begi imeandikwa thamani yake ni 100. Lucan anakupea 32. Geuka ununue kitu kama hicho kwake, anataka 310.

Buda, hujaibiwa. Hiyo ni hesabu, na gemu hii imekuwa ikiifanya hivyo tangu itoke Novemba 2011. Shida ni kwamba haikuonyeshi popote kwa skrini. Ukiielewa, utafikisha ile 5000 ya kununua keja pale Whiterun mapema sana, badala ya kumaliza wikendi ukibeba panga za kutu.

Hesabu yenyewe

Kila kitu ndani ya Skyrim kina bei ya asili, ile namba unaiona ukifungua begi lako. Hiyo bei hakuna mtu hukulipa. Gemu huichukua ikaipitisha kwa namba nyingine inayotokana na Speech, yaani ustadi wako wa kubonga. Ukiwa na Speech 0, namba ni 3.3. Inashuka pole pole hadi 2.0 ukifika Speech 100. Ukinunua, bei ya asili inazidishwa na hiyo namba. Ukiuza, inagawanywa nayo.

Wahusika wengi huanza na Speech 15, na hapo namba ni karibu 3.1. Ndio maana kitu cha 100 unakinunua 310 na kukiuza 32. Ukipandisha Speech mpaka 50, utanunua kwa 265 na kuuza kwa 38. Ukifika 100 bila kuongeza kitu kingine, ni 200 na 50.

Angalia hizo namba tena. Umetoka 15 hadi 50, leveli 35 za kubonga na kila mtu mjini, na kile kitu cha 100 kimekuongezea 6 tu. Wasee wengi hujibamba ati Speech imepanda, halafu wanashangaa mbona mfuko bado ni mkavu.

Sasa linganisha na Haggling. Hii ni perki, ile pointi unapewa kila ukipanda leveli. Ukiweka pointi moja tu kwa Haggling, bei zote zinakuwa nzuri kwa asilimia 10. Na Speech yako ile ile ya 15, kitu cha 100 sasa unauza 35. Kuipata hiyo 35 kwa Speech peke yake ungehitaji kufika kama 37. Pointi moja imekurukisha zaidi ya leveli 20.

Haggling ina ngazi tano. Ya kwanza unaweza kuichukua siku ya kwanza kabisa. Zingine zinafunguka Speech ikifika 20, 40, 60 na 80, na ukizimaliza zote unapata asilimia 30. Ukiwa na Speech 100 na Haggling imejaa, kitu cha 100 unauza 65. Kuna pia Allure, Speech ikifika 30, inakupa asilimia 10 zaidi kwa wafanyabiashara wa jinsia tofauti na yako. Wauzaji wa Skyrim ni wa jinsia zote, kwa hivyo inasaidia nusu nusu. Mimi huiacha kwanza, ingawa ukitaka kufika Merchant, hiyo perki nitaitaja huko mbele, lazima uangalie mti wa Speech vizuri ujue njia inapita wapi.

Na kabla uanze kuota: kuna ukuta. Hata urundike hirizi na dawa aje, hautauza kitu zaidi ya bei yake ya asili, na hautanunua chini ya asilimia 105 ya hiyo bei. Ile plani ya kununua kwa duka moja na kuuza kwa lingine upate faida imefungwa kabisa. Hii si Gikomba. Hakuna kuzunguka na kurudi, hakuna "ongeza kidogo mkubwa". Bei iliyo kwa skrini ndio hiyo.

Bei si ndio shida yako kubwa

Hapa ndio wengi hukosa rada. Unaweza kuwa na bei tamu sana na bado usiomoke, kwa sababu mwenye duka hana doo. Fundi wa chuma kama Adrianne Avenicci wa Whiterun anakuwa na 1000. Duka la kila kitu, kama la Lucan ama la Belethor, lina 750. Wauza dawa na wauza uchawi wako na 500. Mwenye lojo ana kama 100, huyo usimsumbue.

Ile pesa ikiisha, imeisha. Ukimuuzia kitu cha 600 na amebaki na 200, utapewa 200 na kitu kinaenda. Gemu inakuuliza kama uko sawa na hiyo dili, na watu hubonyeza ndio bila kusoma. Soma. Baadaye ukianza kubeba silaha za maana inakuwa noma zaidi. Ile nguo ya vita ya Daedric ina bei ya asili ya 3200. Ukiwa na Speech 100 na Haggling yote, inafaa ikuletee 2080, na hakuna duka la kawaida lina hiyo pesa.

Pesa zao na bidhaa hujaa tena baada ya masaa 48 ya ndani ya gemu. Si lazima ukae ukiwaangalia. Toka nje, subiri masaa 24 mara mbili, rudi. Cheki pia saa: maduka mengi hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa mbili usiku, na ukifungua mlango kwa nguvu usiku karao wa Whiterun hawatakuuliza mara mbili.

Lakini kuna njia bora kuliko kusubiri, na hii ndio biashara ya kubadilishana yenyewe. Mwenye duka akibaki bila pesa, nunua kwake vitu ungehitaji hata hivyo. Kwa fundi wa chuma chukua vyuma na mishale. Kwa muuza uchawi chukua mawe ya roho. Kwa muuza dawa chukua viungo. Ile pesa unamlipa inaingia kwa kapu lake, halafu unamuuzia mzigo wako mpaka airudishe yote. Kwa hesabu ya bei umepoteza kidogo, lakini umetoka na vitu utatumia badala ya helmeti nne zimekaa kwa begi. Ukizoea hii, utaanza kuona ile 1000 ya Adrianne ni kama 2000.

Kila duka pia lina vitu vyake. Fundi wa chuma hanunui maua, na muuza dawa hataki panga lako. Ndio maana perki inaitwa Merchant, ya Speech 50, ndio kali kuliko zote kwa huo mti. Ukiwa nayo unauzia mtu yeyote kitu chochote. Whiterun peke yake uko na Adrianne, Belethor na Arcadia wa duka la dawa, hiyo ni 2250 kwa raundi moja ya mtaa bila kupanda farasi.

Investor inafunguka Speech ikifika 70. Unampea mwenye duka 500, na pesa anayokuwa nayo inaongezeka moja kwa moja. Fanya hivyo kwa wale wawili watatu unaenda kila siku, usizunguke nchi nzima. Master Trader ya Speech 100 inawapa wauzaji wote 1000 zaidi, lakini ukweli ni kwamba ukifika hapo tayari wewe ni sonko na huna shida ya pesa.

Achana na panga za kutu

Unaanza na uwezo wa kubeba uzito wa 300. Septim, ile pesa yao, hazina uzito hata ukiwa nazo laki. Kwa hivyo usiulize kitu kina bei gani. Gawanya bei kwa uzito. Nguo ya vita ya chuma ina bei ya 125 na uzito wa 30, yaani kama 4 kwa kila kipimo. Pete ya dhahabu ina bei ya 75 na uzito wa robo, hiyo ni 300 kwa kila kipimo. Mimi sibebi kitu chochote chini ya 10, isipokuwa ni cha kutumia. Dawa, vito, pete na mikufu zinakuja kwanza, chuma baadaye.

Ukitaka kuanza haraka, panda kaskazini ya Whiterun mpaka Halted Stream Camp. Ni kambi ya majambazi iliyo na mgodi wa chuma, na humo ndani kuna kitabu cha uchawi unaitwa Transmute. Unageuza jiwe la chuma kuwa la fedha, na la fedha kuwa la dhahabu. Mawe mawili ya dhahabu yanatoa kipande kimoja kikiyeyushwa, na kipande kimoja kinatoa pete mbili. Hauhitaji perki yoyote. Jiwe la chuma lina bei ya 2, kwa hivyo mawe ya 4 yamekuwa pete za 150.

Kwa Speech 15 na Haggling moja, kila pete unauza kama 26. Pete 190 hivi na Breezehome ni yako, mradi Jarl ameshakuruhusu kununua. Na hautahitaji zote, kwa sababu kila unapouza Speech inapanda yenyewe. Usikwame hapo sana tu. Ufundi wa chuma nao unapanda, leveli yako inapanda, na maadui wengi wanapanda na wewe hata kama bado hujajua kupigana.

Wale wa kuchemsha dawa watafute kidole cha jitu, Giant's Toe. Changanya na ngano na Creep Cluster. Inatoka dawa wauzaji hulipia vizuri hata kama wewe bado ni mgeni kwa hiyo kazi.

Vitu vidogo vya kuongeza bei

Hirizi ya Zenithar inakupa asilimia 10. Ukiomba kwa madhabahu yake unapata asilimia 10 kwa masaa 8, na pale Solitude iko ndani ya hekalu. Pia kuna dawa ya Fortify Barter, ambayo unaweza kujitengenezea na bawa la kipepeo na Tundra Cotton. Inadumu sekunde 30, na watu huikataa wakidhani ni fupi sana. Chanuka: ukifungua menyu ya duka, saa ya gemu inasimama. Kunywa ukiwa umesimama mbele ya mwenye duka, bonga naye mara moja, fungua menyu, halafu uza ukijipa muda.

Mali ya wizi ni stori nyingine. Duka la kawaida haliigusi, itabidi ujiunge na Thieves Guild ya Riften umpelekee Tonilia. Anaanza na 1000, na ukiwafanyia kazi zao anafika 4000. Hiyo 4000 ndio sababu wasee huingia huko hata kama hawapendi wizi. Njia ingine ni perki ya Fence, Speech 90, inayokuruhusu kuuza mali ya wizi kwa wenye duka uliowapa ile 500.

Kama uko kwa zile za zamani

Ukihamia Oblivion ya 2006, sahau nusu ya haya. Huko pesa ya mwenye duka haiishi. Ile namba unaona ni kiwango cha juu cha dili moja, kwa hivyo uza kitu kimoja kimoja mpaka uchoke. Pia unasogeza bei mwenyewe, na mtu akikupenda anakubali zaidi.

Morrowind ya 2002 ilikuwa na kubishana bei kwenyewe, unataja namba na jamaa anakataa. Huko mnunuzi bora ni kaa. Kaa wa baharini, anaongea, amejificha kwa kisiwa kidogo kusini mashariki akiwa na 10,000, na anakulipa bei ya asili yote. Mji wa Caldera kuna kijini kinaitwa Creeper, nacho kinalipa bei kamili, lakini kina 5000 tu.