Alipoombwa Ajikune Mgongo

Hadi miaka ya 1940, kocha wa Marekani akimfumania mwanariadha wake na vyuma, ilikuwa kesi. Ilisadikiwa kwamba vyuma hukaza misuli, mwili ukawa kama gogo: mkono haukunjiki vizuri, mguu mzito, mbio kwisha. Mkimbiaji akimbie, bondia apige mfuko. Vyuma waachiwe watu wa sarakasi.

Peter Karpovich, daktari mzaliwa wa Urusi aliyefundisha fiziolojia katika Chuo cha Springfield, Massachusetts, naye aliamini hivyo. Chuo chenyewe si cha kubezwa. Ndiko mpira wa kikapu ulikobuniwa mwaka 1891. Mwaka 1940 Bob Hoffman, mtengenezaji wa vyuma wa York, Pennsylvania, alifika hapo na vijana wake. Miongoni mwao alikuwa John Grimek, bingwa wa Marekani wa kutunisha misuli mwaka huo. Mbele ya wanafunzi, Karpovich akamwomba ajikune mgongo, pale katikati ya mabega.

Ukumbi ukaangua kicheko. Grimek akashangaa, maana hakuwa akiwashwa. Akajikuna hata hivyo, kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kutokea juu na kutokea chini. Baadaye akapasua msamba hadi sakafuni.

Karpovich hakuishia kushangaa, na hapo ndipo anapostahili heshima. Yeye na William Zorbas waliwapima wanyanyua vyuma 300 na wasionyanyua 300, kila mmoja akizungusha mkono wa mashine kwa kasi yake yote. Matokeo yalitoka mwaka 1951: wanyanyua vyuma ndio waliokuwa wepesi zaidi. Kumbe nguvu anazopata mtu mwanzoni mwa mazoezi hutoka zaidi kwenye neva kuliko kwenye unene wa misuli. Mwili hujifunza kuamsha nyuzi nyingi za msuli kwa mpigo mmoja, na hicho ndicho anachohitaji mtu anayeruka au anayechomoka mbio. Hata hivyo, mitaani kwetu hukosi mtu wa kukuapia kwamba baunsa hawezi mpira.

Makocha walibadilika polepole. Huko Baton Rouge, Louisiana, Alvin Roy, aliyekuwa na jimu yake, aliwanyanyulisha vyuma vijana wa shule ya Istrouma, nao wakatwaa ubingwa wa jimbo mwaka 1955 katika futiboli ya Kimarekani. Mwaka 1958 zamu ikawa ya chuo kikuu cha jimbo hilo: nacho kilinyanyua vyuma, kikawa bingwa wa taifa.

Wazee ndio waliosubiri zaidi. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha habari za wakazi 10 wa nyumba ya wazee mjini Boston, wenye miaka 86 hadi 96, waliopewa mazoezi mazito ya mapaja, si ya kubembelezana. Kwa wiki nane, nguvu za miguu ya waliomaliza ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili kati yao waliacha kutembelea mkongojo.