Balbu za Kuokoa Stima: Kwetu Gusii Zilichelewa, Lakini Zinalipa

Huku kwetu Kisii na Nyamira kuna ubishi hauishi. Mmoja anakwambia balbu za kuokoa stima ni kupoteza pesa tu, mwingine anaapa kwamba tangu azinunue tokeni zinakaa. Mimi naona wote wana ukweli nusu, kwa sababu hatujawahi kuuliza hizi balbu zilikujaje na zililetwa kumsaidia nani.

Tuanze na giza. Wazazi na babu zetu wengi walisoma kwa koroboi: mkebe, utambi, mafuta ya taa, na moshi puani asubuhi. Mwenye uwezo kidogo alikuwa na taa ya chemni. Karabai ilionekana kwenye matanga na sherehe. Na si kwamba maji ya kuzalisha stima hatukuwa nayo. Mto Gucha unaanzia vilima vya Kiabonyoru huko Nyamira, unapita Kisii, ukishuka Migori unazungusha mtambo mdogo wa Gogo uliojengwa miaka ya 1950. Maji yanatoka kwetu, taa zinawaka kwingine. Hiyo ndiyo historia yetu na stima.

Sasa njoo 2009. Mvua ilikosa, mabwawa yakashuka, stima ikaanza kugawanywa kwa zamu nchini. Majenereta ya dizeli yakawashwa, na dizeli ni ghali. Shida kubwa ilikuwa jioni, saa moja hadi saa nne, kila nyumba ikiwasha taa kwa wakati mmoja. Kwa hivyo 2010 serikali na Kenya Power wakagawa balbu milioni 1.25 bure: unaleta ile ya zamani ya waya, unapewa ya kuokoa stima. Wengi waliona ni zawadi. Kusema kweli ilikuwa hesabu: kupunguza mzigo wa jioni ni rahisi kuliko kujenga mtambo mpya.

Lakini jiulize, nani alikuwa na balbu ya kupeleka? Sensa ya 2009 ilionyesha kwamba chini ya robo ya nyumba za Kenya ndizo zilizokuwa zikitumia stima kwa mwanga. Kama uko na koroboi, unabadilisha nini? Vijiji vyetu vingi vilipitwa hapo. Stima ilianza kutufikia kwa wingi baada ya mradi wa Last Mile wa 2015, ada ya kuunganishwa iliposhuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Wakati huo zile za bure za 2010 zilikuwa zimeshagawiwa. Tukaenda dukani, tukanunua ya bei ya chini kabisa, ile ya waya ya wati 60. Aliyekuwa na kidogo ndiye aliyebaki na balbu inayokula zaidi.

Na inakula kweli. Chukua nyumba yenye balbu nne za wati 60, zinawaka saa tano kila usiku. Kwa mwezi ni uniti 36. Weka nne za LED za wati 9, mwanga ni karibu ule ule, ni uniti 5.4 tu. Sasa kumbuka bei ya uniti imepangwa kwa ngazi, na tangu 2023 ngazi ya chini kabisa ni ya anayetumia uniti 30 au pungufu kwa mwezi. Yaani balbu za zamani peke yake zinakutoa kwenye bei nafuu, hata kabla hujachaji simu.

Wanaopinga nao wasikizwe. Milima yetu ni ya radi, jameni, hilo halihitaji mtafiti. Balbu ya kuokoa stima ina vifaa vidogo vya elektroniki ndani, na stima ikipanda ghafla vinaungua. Ukinunua ya bei ya kutupa, ikafa baada ya wiki tatu, huwezi kuona faida. Pia zile za mwanzo, za mirija iliyojipinda, zina zebaki kidogo. Ikivunjika fungua madirisha, usizoe kwa mkono mtupu. Ndiyo maana 2022 nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kwamba utengenezaji wake ukome mwaka wa 2025. LED haina zebaki.

Halafu kuna wapangaji wa ploti, mnaolipa stima pamoja na kodi. Ukibadilisha balbu, anayefaidi ni landilodi. Hapo naelewa kwa nini mtu hajisumbui. Ongeeni naye: awanunulie LED yeye, ama kila chumba kiwe na mita yake.

Msimamo wangu ni huu. Kama unanunua tokeni mwenyewe, nunua LED yenye garantii, weka risiti, anza na chumba kinachowaka muda mrefu zaidi. Radi ikianza, zima swichi. Mwaka 2010 hizi balbu ziliokoa gridi. Sasa ni zamu ya mama wa Keroka au Nyamaiya kuokoa pesa zake, kwa sababu hakuna atakayekuja mlangoni kumgawia bure.

Kwenu mlianza na balbu gani, na tokeni ya 200 inafika wapi? Andika hapo chini tulinganishe.